Mjomba Ngiri na Dawa za Kichwa cha Pombe

Paukwa!

Pakawa!

Sijasikia vizuri. Na yule anayetafuna karanga kule nyuma ameze kwanza, kisha aitike na wenzake. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, zamani zile tamu ambazo wanyama walioana kwa heshima na kualikana kwa vigelegele, alikuwako Ngiri. Enzi hizo Ngiri alikula akiwa amesimama wima kama wenzake. Hakuwa na mke wala mtoto, ila alikuwa na dada, na dada huyo alikuwa na binti aitwaye Nyamizi.

Ngiri alimpenda Nyamizi kupita kiasi. Binti alipokuwa mdogo kama kibuyu, Ngiri alimbeba mgongoni kwenda kuchuma matunda ya furu, na njia nzima mtoto aliimba:

*Mjomba Ngiri, nipe mgongo,*
*nivushe, nivushe,*
*umande haujakauka.*

Wimbo huo ulikuwa wa harusi. Desturi ya bonde lile ilikuwa hivi: siku bibi harusi anapokwenda kwa mumewe, mjomba wake hupiga magoti ukingoni mwa mto, binti hupanda mgongoni, naye humvusha ng'ambo kabla umande haujakauka. Umande ukikauka mjomba hajafika, binti huvuka kwa miguu yake. Hakuna kurudia.

"Siku yangu ikifika utanivusha, mjomba?" Nyamizi alizoea kuuliza.

"Nitakuvusha, mama, hata kama sitakuwa na jino hata moja."

Basi siku ikafika. Jioni ya kuamkia harusi, Nyegere alileta wanzuki, ile pombe ya asali. Ngiri akanywa kata moja kwa furaha. Akanywa ya pili kwa kumkumbuka Nyamizi alipokuwa mdogo. Akanywa ya tatu kwa sababu ya zile mbili. Zilizofuata hakuzikumbuka.

Alfajiri akaamka kichwa kinamgonga, utadhani kuna mtu anatwanga mahindi humo ndani. Mdomo ulikuwa mkavu, miguu inatetemeka. Umande ulikuwa mzito majanini, na kutoka mtoni wimbo ulisikika waziwazi:

*Mjomba Ngiri, nipe mgongo,*
*nivushe, nivushe…*

"Nitamwangusha," Ngiri akawaza kwa hofu. "Nitamwangusha mtoni mbele ya wakwe. Acha kwanza nitafute dawa."

Akaenda kwa Nyegere.

"Dawa ya moto ni moto," Nyegere akamwambia. "Zimua, ndugu yangu. Kata moja tu."

Ngiri akazimua. Kweli, kichwa kikatulia, hata akacheka. Lakini hakufika kwenye kona ya njia kabla maumivu hayajarudi, na safari hii yalikuja na ndugu zao. Umande ulikuwa umeanza kupungua.

Akaenda kwa Nyani.

"Nyegere amekudanganya," Nyani akasema. "Pombe hutoka kwa jasho. Kunywa supu ya uyoga yenye pilipili, uone."

Ngiri akanywa bakuli zima. Jasho likamtoka, machozi yakamtoka, lakini pombe haikutoka. Tumbo likachafuka, akakaa kichakani muda mrefu kuliko inavyofaa kusimulia mbele ya watoto. Alipotoka, umande ulikuwa umebaki kivulini tu.

Akaenda kwa Kenge, kwenye dimbwi lake.

"Hao wote hawajui kitu," Kenge akasema. "Pombe hukimbia baridi. Ingia, zamisha kichwa, hesabu mpaka mia."

Ngiri akaingia. Akazamisha kichwa, akaibuka, akazamisha tena. Meno yakagongana. Alipotoka alikuwa mlevi yuleyule, ila sasa amelowa.

Akatega sikio. Wimbo ulisikika kwa mbali sana, tena ukiimbwa na sauti moja tu:

*…nivushe, nivushe,*
*umande haujakauka.*

Ngiri akakimbia. Alikimbia na kichwa kinamuuma, na tumbo linamuuma, na maji yanamtiririka. Alipofika ukingoni, akapiga magoti, akainamisha kichwa, akafumba macho.

"Panda, mama," akasema huku anahema. "Nimekuja."

Hakuna aliyepanda. Majani yalikuwa makavu. Kwenye tope palikuwa na nyayo ndogo zilizoingia majini, na ng'ambo vigelegele vilikuwa vinaishia mlimani.

Dada yake alikuwa amekaa juu ya jiwe, peke yake.

"Amekungoja mpaka tone la mwisho," dada akasema. "Ni yeye aliyekuwa anaimba."

"Kichwa kilikuwa kinaniuma, dada. Nilikuwa natafuta dawa."

"Kichwa cha pombe hakina dawa, kaka. Unakunywa maji, unangoja, kinapoa chenyewe kikitaka. Ungekuja nacho hivyohivyo kinauma. Mwanangu hakuhitaji kichwa chako. Alihitaji mgongo."

Ngiri aliona aibu. Alibaki amepiga magoti pale pale, labda Nyamizi atageuka, labda atarudi. Jua likapanda, akasikia njaa, akala majani yaliyokuwa mbele yake bila kuinuka.

Mpaka leo, wanangu, mkimwona ngiri anakula, mtazameni vizuri. Hupiga magoti. Watu husema ni kwa sababu ya shingo yake fupi. Bibi yangu, aliyenisimulia haya tukimenya njugu miguuni pake, na ningetoa vingi nizimenye tena naye, alisema Ngiri bado anamngoja mpwa wake apande.

Funzo ni hili: pombe ikishakuingia, hakuna kata, bakuli wala dimbwi la kuitoa, ni muda tu. Na muda huo ukiupoteza kwa waganga wa uongo, ujue kuna mtu anakungoja mtoni. Majuto ni mjukuu.

Nami hadithi yangu nimeivusha salama hadi ng'ambo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.