Jinsi Bi Pimbi Alivyolipa Hospitali

Paukwa!

Pakawa!

Mnajibu kama watu waliokula uji wa jana. Paukwa!

PAKAWA!

Palikuwa na jiwe.

Likawa!

Palikuwa na mto.

Ukawa!

Palikuwa na mdomo.

Ukala!

Haya. Tegeni masikio, na wewe unayemvuta mwenzio nywele, muachie.

Hapo kale, juu ya jabali, aliishi Bi Pimbi. Mdogo kama chungu cha mchuzi. Mkia hana, pembe hana, ila ulimi alikuwa nao. Chini ya jabali palikuwa na mto, na mtoni alikaa Kiboko, tumbo mbele, tumbo nyuma. Udongo wa kuungia mifupa ulipatikana pale kwake tu, naye alikuwa ameulalia. Basi akajenga hospitali, akaizungushia ua wa miiba, akawaambia wote wamwite Mheshimiwa.

Na wanyama wa nchi ile walikuwa na bima. Msicheke, walikuwa nayo. Kila mavuno alipita Hondohondo, yule ndege mwenye mdomo kama koleo, nyumba kwa nyumba.

"Bima! Bima! Toa leo, usilie kesho!"

Bi Pimbi akatoa kikapu cha mtama. Mavuno yakaja, akatoa kikapu. Mavuno yakaja tena, akatoa kikapu, na mwaka huo watoto wake walikunywa uji mwepesi, unajiona sura ndani ya bakuli.

Siku moja binti yake wa mwisho, Sikujua, akapanda jabali alilokatazwa. Akateleza. Porororo... krak! Mguu.

Bi Pimbi hakulia. Kulia kungemchelewesha. Akamtia mtoto mgongoni, akashuka naye hadi mtoni. Kiboko akaupaka mguu udongo, akaufunga vijiti, na tuseme haki, kazi aliijua. Mguu ukapona, mtoto akaanza kurukaruka wodini. Mama akaja kumchukua.

Langoni amekaa Kiboko. Lango lote amelijaza yeye.

"Bi Pimbi! Mtoto mzima kabisa. Madebe hamsini ya mtama."

"Mheshimiwa, nina bima."

"Imeshalipa. Imelipa madebe manne. Hayo hamsini ndiyo yaliyobaki, ni yako."

Bi Pimbi akamgeukia Hondohondo, aliyekuwa juu ya nguzo anajitazama kucha.

"We Hondohondo! Vikapu vyangu vyote vile, madebe manne?"

"Mama, bima inalipia mguu."

"Na huo aliovunja ni nini? Sikio?"

"Ni mguu, mama yangu. Lakini wa nyuma. Bima inalipia miguu ya mbele. Hayo manne ni ya kamba na vijiti."

"Mbona ulipokuja kuchukua mtama hukuuliza umelimwa na miguu ipi?"

Hondohondo akakohoa. Kiboko akafungua mdomo, ukawa kama mlango wa ghala. "Sikiliza, mama. Mtoto hatoki humu mpaka debe la mwisho lianguke pu! miguuni pangu. Na kila kukicha naongeza debe moja, la kitanda."

Kutoka nyuma ya miiba Sikujua akaita, "Mama, leo?"

"Si leo."

Bi Pimbi akapanda jabali lake, akakaa, akatafuna jani. Kwechu, kwechu. Akawaza: niuze pango? Nikiuza pango, mtoto namleta wapi, mdomoni mwa chui? Akatema jani. La.

Kesho yake akaenda kwa Nyegere, anayekopesha. Nyegere akasema, "Nakupa madebe hamsini, unanirudishia mia, na hilo jani unalotafuna liache hapa kama rehani." Bi Pimbi akakaa, akatafuna. Kwechu, kwechu. Akatema jani, akalitema miguuni mwa Nyegere. La.

Akapita langoni.

"Mama, leo?"

"Si leo."

Akawaendea ndugu zake wa jabalini. Wakakung'uta vikapu, wakakung'uta na pembe za vikapu. Kikapatikana kibaba hapa, konzi pale, na shangazi mmoja akaleta nasaha. Bi Pimbi akakaa, akatafuna. Kwechu, kwechu. Safari hii hakutema. Alimeza.

"Nitalipa," alisema. "Debe la mwisho litaanguka pu, kama anavyotaka. Lakini mtama hautatoka jabalini."

Maana Bi Pimbi alikuwa amekumbuka jambo. Kwenye kila harusi ya nchi ile, Kiboko alikaa mbele. Kwenye matanga alikaa mbele ya wafiwa. Alipozikwa mzee Kakakuona, Kiboko alihama kiti mara mbili, mpaka akakalia shada la maua. Yule mnyama alikuwa na matumbo mawili, moja la mtama, moja la sifa, na la sifa halikuwahi kushiba.

Akashuka mtoni, akapiga goti.

"Mheshimiwa, mtama sina. Nimeamua kufanya mchango. Majirani watakuja kunichangia nikulipe."

"Umefanya la maana."

"Tatizo mgeni rasmi. Nimefikiria kumwalika Kifaru."

Masikio ya Kiboko yakacheza. Pu-ru-ru. "Kifaru? Yule haoni hata kwato zake! Mgeni rasmi anakaa wapi?"

"Mbele, peke yake. Kiti chenye kitambaa chekundu."

"Na anapigiwa ngoma?"

"Akiingia na akitoka."

"Na anatoa kiasi gani?"

"Kidogo tu, Mheshimiwa, cha kuwafungua wengine mikono. Wakiona mkubwa ametoa, nao watatoa. Na wakitoa, mtama unakwenda wapi? Si kwako?"

Kiboko akapiga hesabu tumboni. Natoa debe moja, yanaingia hamsini. Akacheka mpaka maji ya mto yakapanda ukingoni.

"Kifaru akae huko nyuma," alisema. "Nakuja mimi."

Siku ya mchango watu walijaa mbele ya lango la hospitali. Ngoma, ndi! ndi! ndi! Mshereheshaji alikuwa Hondohondo, maana kwa kupayuka hana mwenzake. Mbele kabisa kiti chenye kitambaa chekundu, na Kiboko juu yake anafurika. Kando, kwenye kigoda, Kifaru. Huyu Bi Pimbi hakumwomba hata punje. Alimwomba aje akae. Akaja, akakaa, akasinzia.

Na wanawake wa jabalini walikuwa wameshaambiwa, "Mimi nikishika sikio, vigelegele. Nikiliachia, kimya kama kaburi."

Chura akaleta konzi ya mtama. Bi Pimbi akashika sikio. Vigelegele, kama Chura ameoa! Kobe akaleta kibaba. Vigelegele! Kobe akaona haya, akaingia ndani ya nyumba yake.

"Na sasa," Hondohondo akapaza, "mgeni rasmi! Mkubwa wa mto! Tumbo la neema!"

Kiboko akasimama, akajikohoza. "Mimi natoa debe moja."

Bi Pimbi akaachia sikio.

Kimya. Nzi akapita, wakamsikia wote.

"Jamani," Bi Pimbi akasema kwa sauti ya huruma, "tusimlaumu Mheshimiwa. Mwaka ni mgumu, hata wakubwa wanapungukiwa. Wanawake, hicho kiti kisogezeni kidogo kwa Kifaru, tusimtie mgeni aibu ya kukaa mbele."

Wanawake wakakishika kiti. Krrr. Kikasogea.

Kiboko akageuka, akaona kiti kinaondoka bila makalio yake. "Ngojeni! Kumi! Nimesema kumi!"

Bi Pimbi akashika sikio. Vigelegele! Kiti kikarudi, krrr, lakini kikaishia njiani.

"Mbona hakifiki?"

"Kizito, Mheshimiwa. Wamechoka."

Kifaru akakoroma. Kroo. Hondohondo, mdomo haujui kukaa, akatangaza, "Kifaru naye anataka kusema kitu!"

"Asiseme!" Kiboko akanguruma. "Ishirini!"

Vigelegele. Krrr. Kikakaribia.

"Thelathini!"

Krrr.

Kifaru akageukia upande wa pili, kigoda kikalia kwiii, akaonekana kama anainuka. Hapo Kiboko akapasuka.

"YOTE! Hamsini na ya vitanda juu yake! Deni lote la mtoto huyu nalilipa mimi, mimi, MIMI!"

Vigelegele vikapanda mpaka kwa tai. Kiti kikafika. Kiboko akakaa, pwaa! Ngoma zikapigwa. Ndani ya gamba la Kobe ikasikika sauti ya mtu anayekufa kwa kicheko.

"Asante, Mheshimiwa," Bi Pimbi akasema. "Yaletwe, watu waone kwa macho."

Mtama ukatoka ghalani kwa Kiboko, debe kwa debe, ukapita katikati ya watu, ngoma ikiusindikiza. Bi Pimbi akaupokea, akaupeleka mpaka langoni, Kiboko alipokaa, akaumwaga miguuni pake. Pu! Pu! Pu! Mpaka la mwisho. Pu!

"Hondohondo, wewe mwenye sauti. Tangaza."

"Deni la Bi Pimbi limekwisha!" Hondohondo akapayuka, na aliposikia alichosema, mdomo ukabaki wazi.

"Mama, leo?"

"Leo. Tembea mwenyewe, huo mguu umegharimu mtama mwingi."

Konzi ya Chura, kibaba cha Kobe na michango ya wengine vikapikwa ugali, wote wakala. Hondohondo akanyoosha bakuli. Bi Pimbi akamtazama.

"Ugali huu ni wa wenye mikono," akamwambia. "Mbawa hatulipii."

Kiboko akarudi ghalani. Akahesabu madebe: yaliyotoka, yameingia. Hakuna lililopungua, hakuna lililoongezeka. Akataka kujikuna kichwa, mguu haukufika. "Nimetoa mengi, nimepokea mengi," akasema. "Mbona nina njaa?"

Asubuhi aliamshwa na kelele langoni. Krrr. Krrr. Krrr. Akachungulia. Mama wa Nungunungu, ambaye mwanawe alikuwa wodini tangu kiangazi. Mke wa Kanu. Bibi wa Digidigi. Wote waliofungiwa wagonjwa wao, wamepanga foleni, na kila mmoja anaburuta kiti chenye kitambaa chekundu.

"Mheshimiwa," wakasema pamoja, "tunakuomba uwe mgeni rasmi."

Kiboko akatazama viti. Mdomo ukasema hapana. Makalio yakasema ndiyo.

Basi, funzo la hadithi hii ni kwamba matajiri wana huruma sana, tuwape viti vya mbele. Na bima ni kitu kizuri, lipeni kila mavuno, mradi mhakikishe mnavunjika upande wa mbele. Na mtoto asipande jabali alilokatazwa, labda kama mama yake anatafuna majani.

Hadithi yangu imetembea, imechoka, imekaa chini. Kiti cha mbele hakihitaji. Anayeitaka na aibebe, na ambaye hajaosha miguu aende akaoshe, yote minne.