Udongo Ndani ya Mpira wa Mkongojo

Sogeeni, na mtu asimtetee nduguye kabla sijamaliza. Kwenye mashamba ya mpira huko Muheza walikuwepo watatu. Mhina alikuwa hana mpinzani kwa kugema utomvu. Bi Mwantumu mfinyanzi aliujua udongo kwa kuushika tu. Semboja, fundi viatu, aliweza kupika mpira kwa salfa, ile dawa ya unga wa manjano, mpaka ukawa mgumu. Hawakuaminiana, na mimi siwaamini wote watatu.

Mwajabu, mjamzito mwenye mguu mmoja, alitembelea mkongojo. Mpira wa chini yake, usiochanganywa na kitu, ulikuwa laini, ukaliwa na mawe, akateleza mlimani. Mkunga akamwonya, "Ukianguka tena, mwanangu, mtoto huyu utampoteza." Mwajabu akaahidi kwamba atakayemsimamisha asianguke ndiye atakayempa mtoto jina.

Semboja akanunua bonge la mpira kwa Mhina, akalipika, akalivika chini ya mkongojo. Ajabu, mpira ule haukulika, ila ulipasuka. Bi Mwantumu akauchokonoa ufa. "Semboja, humu mna udongo na changarawe."

Basi wakamwendea Mhina.

"Udongo huo umeingia na mvua," akasema Mhina.

"Mvua gani hiyo inayochagua mabonge ya kuuza?" akauliza Bi Mwantumu. Nani asiyejua kwamba wapo wagemaji wanaotia udongo ili mzigo uwe mzito mizanini? Mhina akainama. Alidhani anamwibia fundi, kumbe alikuwa anamwibia Mwajabu.

Lakini Bi Mwantumu hakuridhika: kwa nini mpira ule haukulika? Huenda udongo ndio ulioukaza, na changarawe ndiyo iliyoupasua. Akaloweka udongo mweupe, akauchuja kwa kitambaa mpaka ukawa laini kama unga. Mhina akaleta utomvu safi, na Bi Mwantumu akaukagua kwanza, ndipo wakachanganya. Semboja akapika, akaharibu, akapika tena. Udongo ukizidi mpira unapasuka, ukipungua unalika. Mwishowe akakipata kiasi.

Mwajabu akapanda mlima kwenye matope, hakuteleza, akajifungua salama. Sasa mtoto yumo ndani, na huko mtoto asiye na jina hatolewi nje.

"Bila udongo wangu msingejua kitu," anasema Mhina.

"Udongo wako ulipasuka, mwizi wewe," anajibu Bi Mwantumu.

"Na bila moto wangu mngebaki na tope na utomvu," anasema Semboja.

Mwajabu amesimama nyuma ya mlango na mtoto wake, anawatazama mmoja mmoja, hamwamini hata mmoja, na ahadi ni ahadi. Mwambieni nyinyi mliosikia: amkabidhi nani mtoto huyu ampe jina?