Hodi kwa Watu wa Nyota

Hapo zamani, zamani za bibi wa bibi zetu, palikuwa na mji ukiitwa Mwambakuu, na sultani wake akiitwa Zahrani. Sultani huyu alijaliwa kila kitu cha kisultani, ila alikuwa na siri moja: alipenda ukoko. Pilau ikipakuliwa alikula matonge mawili matatu kwa adabu, kisha wageni wakishaondoka hunyata hadi jikoni, akainamia sufuria na kuukwangua ukoko kwa kucha zake mwenyewe. Basi siku moja mjumbe wa mji wa jirani akaingia bila hodi, akamkuta kichwa kimo ndani ya sufuria na kilemba kiko sakafuni.

Kesho yake ikapigwa mbiu: mtu asiingie mlango wa mtu ila kwa hodi tatu na kuitikiwa. Asipoitikiwa, asiseme mwenye nyumba yumo, wala asiseme hamo. Angoje mlangoni, maana huenda mtu ana shughuli zake. Atakayevunja amri hii, awe nani awaye, atachapwa viboko sokoni. Hata waziri alikwisha kuchapwa, kwa kusema mke wake yumo ndani kabla hajaitikiwa, na kweli alikuwamo.

Ikawa jioni moja sultani amepanda darini kupunga upepo, akaziona nyota, akajiuliza, "Je, huko nako kuna nchi yenye maji na migomba na watu kama sisi?" Tangu hapo asipate raha. Akamwita mnajimu wake wa kwanza, naye akasema, "Wapo, maulana."

"Wapo, na hawajaja kuniamkia? Basi wana sultani wao, tena wanamwona mkubwa kuliko mimi. Mfungeni!"

Akaitwa mnajimu wa pili, akaapa kwamba hawapo. Huko ni moto na mawe matupu.

"Kumbe uwingu wote ni nyumba tupu," akalia sultani, "na mimi natawala chumba kimoja cha uani! Mfungeni naye!"

Sasa katika mji huo alikuwako mtu akiitwa Ngwali, asiye na kazi wala kanzu ya pili. Akiifua ile moja hujifunga jamvi mpaka ikauke. Aliposikia habari hizo akacheka barazani, akasema, "Gerezani yumo asemaye wapo, na yumo asemaye hawapo. Basi mmoja wao amefungwa kwa kusema kweli." Maneno hayana mlango, kabla ya adhuhuri yalikwisha kufika kwa sultani, na Ngwali akaburutwa mbele yake.

"Ewe Ngwali, ulimi wako mrefu. Kesho baada ya magharibi utaniambia, wapo au hawapo. Wale wana elimu, nikawafunga tu. Wewe huna, nitakukata shingo."

"Nikijibu vibaya, maulana?"

"Ukijibu lolote nisilolipenda. Na yote mawili siyapendi."

Ngwali akarudi kwake, na tusimsingizie ushujaa, aliogopa sana. Mkewe Bi Mize alipopata habari akalia kwa uchungu, kisha akapangusa machozi, akasema, "Mume wangu, kanzu uivue kabla hawajakukata. Damu haitoki nguoni."

Pale pale jirani akapiga hodi. Alifuata kinu chake walichokiazima tangu mwezi wa mfungo tatu, na kilikwisha kupasuka. Bi Mize akamfumba mumewe mdomo, wakanyamaza kimya. Jirani akapiga hodi ya pili, akapiga na ya tatu. Kisha, kwa kuogopa viboko, akasimama mlangoni akingoja kama mnazi, asithubutu kusema wamo wala hawamo. Ngwali akamtazama kupitia ufa wa mlango, na roho yake ikatulia.

Kesho yake, nyota zilipotoka, wakapanda darini sultani na waziri na Ngwali na mtu mwenye upanga. Sultani akasema, "Haya, nena."

"Maulana, habari za nyumba ya watu huulizwa mlangoni kwao. Nawe ndiwe mkubwa wetu, hodi yapasa kuwa yako."

Sultani akaona ni heshima. Akaweka kilemba sawa, akainua uso, akanguruma, "Hodi!" Mbwa wakabweka mji mzima. "Hodi! Hodi, enyi watu wa nyota!" Kukawa kimya. Wakangoja hata shingo ya sultani ikaanza kumwuma.

"Hawaitiki!" akasema. "Haya, wapo au hawapo?"

"Maulana, hodi zimekwisha kuwa tatu, na hatujaitikiwa. Nikisema wapo, viboko. Nikisema hawapo, viboko. Sheria ni yako. Mimi nangoja tu mlangoni."

Waziri akakohoa, maana mgongo wake ulikuwa ungali unawasha. Sultani akapiga kelele, "Tungoje mpaka lini?"

"Mlango u mbali, bwana wangu. Hodi yako labda bado haijavuka mwezi. Lakini liko jambo linalonitisha kuliko upanga huu. Ikiwa nao wana adabu kama sisi, je, hawakutupigia hodi tangu enzi za babu yako? Nani aliwaitikia karibu? Huenda wamesimama huko nje miaka yote, wakisema, 'Tazameni, Mwambakuu wamejifungia, wanakula peke yao.'"

Sultani akaona haya mpaka masikioni. Mgeni kukaa mlangoni bila karibu! Akaegemea ukuta wa dari, akaita kwa sauti ya kukatika, "Karibuni! Karibuni ndani!" Akaamuru wanajimu wafunguliwe waitikie pamoja naye, na sufuria kubwa kupita zote ipikwe pilau darini. Mji mzima ukapanda, ukiita karibu juu angani. Wageni hawakushuka, na pilau ikaanza kupoa. Ngwali akanawa mikono, akala kwa niaba yao, na watu wote wakafuata.

Sultani alipogeuka, sufuria ilikuwa imebaki ukoko. Akautazama kwa huzuni. "Nimezungukwa na watu," akamnong'oneza Ngwali, "na pengine hata juu kuna macho."

"Maulana, kama wapo, basi wamekwisha kukuona zamani. Paa la jiko lako lina tundu kubwa."

Sultani akainua uso akazitazama nyota. Kisha akacheka hata kilemba kikaanguka, akakiacha hapo hapo, akainama mbele ya watu wote na nyota zote, akakwangua. Kipande kikubwa cha kwanza akampa Ngwali, na asubuhi akampa kanzu ya pili.

Nami hapo ndipo nilipoishia na hadithi yangu. Jirani naye, wanasema, alikuwa angali amesimama mlangoni, akingoja kinu chake.