Tochi Mdomoni

Kama hujawahi kuona mtu akipenda mpaka anachekesha, basi hukumjua mshonaji mmoja aliyeweka cherehani yake mlangoni mwa nyumba, shati limenyooka kama karatasi. Mkewe alikuwa fundi magari, mwanamke mkakamavu ambaye gereji nzima ilimwita Mama Spana. Kila jioni, mmoja alikuwa na nyuzi kwenye nywele, mwenzake grisi hadi masikioni, na wote wawili wanaitana "fundi".

Siku hizo Mama Spana hakuwa na raha. Gari la wagonjwa la zahanati lilikuwa limerudi mara ya pili likivuja oili, naye haoni inatokea wapi. Bosi wa gereji alimwambia bila kupepesa macho, "Likirudi tena, injini utaziacha. Utaosha magari."

Mumewe aliposikia, alilirudisha tonge sahanini. Alijua mkewe anavyozipenda injini.

"Shida ni mwanga tu," alijisemea, akakimbilia dukani. "Nipe tochi kali kuliko zote!"

Akapewa dude nene kama mchi, ukiliwasha utadhani jua limeshuka. Mkewe alipolipokea alimkumbatia. "Jamani, fundi wangu! Hii itamulika hadi mwezini."

Kesho yake mchana mshonaji alimpelekea chakula gereji, kifua mbele, akitaka kujionea tochi yake ikipiga kazi. Akakuta miguu ya mkewe imechomoza chini ya gari la wagonjwa. Akainama. Lahaula! Dude limelala pembeni, limezimwa. Mama Spana ameuma kijitochi chake cha zamani, udenda unamtiririka shavuni, mikono yote miwili iko kwenye spana.

"Kumbe yangu hukuipenda," alisema kwa sauti ya kunywea.

"Mmh-mmh." Mkewe akakitema kijitochi. "Niliupenda moyo wako. Ningekwambiaje?"

"Kwani ina ubaya gani?"

"Njoo ulale hapa uone."

"Na shati hili?"

"Shati litafuliwa, fundi. Njoo."

Mafundi wengine wakaangua kicheko. "Leo cherehani imeingia uvunguni!"

Hakuwajali. Akajilaza juu ya boksi lililopasuliwa, bega kwa bega na mkewe, akawasha dude lake. Mwanga uligonga chuma ukamrudia machoni, akaona nyota mchana kweupe. Kulisogeza, likagonga bomba. Kushika spana, mkono wa pili hana! Akajaribu kuliuma, mdomo haukutosha. Tone la oili likamdondokea puani, jingine kifuani.

Kisha akagusa taya la mkewe, akalikuta limekaza kama jiwe.

"Miaka yote hii unafanya kazi hivi?"

"Nimezoea."

"Mimi sijazoea," alisema, na machozi yakamlengalenga.

Akarudi dukani na doa lake kifuani. Safari hii hakuuliza ipi kali. Alilala chali sakafuni chini ya meza, mikono juu, wateja wakimruka.

"Nipe hiyo. Aa, inaumiza macho. Hebu ile."

Muuzaji alidhani jamaa amerukwa na akili, lakini mwishowe naye akapiga magoti. "Sasa unataka nini hasa, kaka?"

"Inayokaa yenyewe, mikono ibaki na kazi yake. Nyembamba, ipenye. Shingo ipinde. Mwanga utawanyike, usichome. Na swichi ibonyezeke hata vidole vikiwa na grisi."

Wakapata moja ndogo, yenye sumaku kitakoni.

Mumewe akiwa amelala tena ubavuni mwake chini ya gari, Mama Spana aliibandika kwenye chuma, akaipinda shingo, mwanga ukaingia kwa ubavu, kule ambako uso wake haukuweza kufika na kijitochi cha mdomoni hakikuwahi kufika. Oili ikametameta. Nyuma ya bomba palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Nimeuona! Fundi, nimeuona!"

Bosi akaja, akachungulia, akaguna. "Ukimaliza hapo, kuna injini nyingine inakungoja," akasema, akaenda zake.

Mshonaji alicheka hadi akagonga kichwa kwenye gari. Mkewe akampapasa palipouma, akamwachia alama ya grisi kwenye paji la uso, wakabaki wamelala pale wakitazamana kama maharusi. Mapenzi ya mshonaji yalikuwa makubwa tangu mwanzo, ila yalinunua kwa kubahatisha mpaka alipojilaza chini ya lile gari. Wahenga hawakukosea: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.