Jiwe la Adhuhuri

Kata iligonga mdomo wa mtungi, ko, ko, na ingawa niliishika taratibu, nilijua nimewaamsha. Nje kulikuwa bado giza. Nilikuwa najaza chupa zetu za maji, maana siku hiyo niliwaahidi wajukuu zangu kuwapeleka kwenye Kaburi la Mnara, na mwezi ule jua la kijiji chetu cha Vumbwe halina mchezo.

Tumu alitoka kwanza, akanishikia chupa bila kuambiwa. Nasibu alikuja nyuma yake akiburuta miguu, akauliza kama chai iko tayari. Nikamwambia leo chai tutaikuta tukirudi. Akasema hajapata kuona watu wanaokwenda kutazama kaburi bila hata kunywa chai, kana kwamba aliyezikwa atakimbia.

"Jiwe la adhuhuri halimjui mgeni," Tumu akamwambia, kwa sauti ya utu uzima.

"Haya, na maana yake nini, Bi Mkubwa?"

"Maana yake watu wa Vumbwe wachoyo. Mgeni akiwafikia mchana, hawamjui."

Nilicheka mpaka maji yakamwagikia mguuni. Nikawaambia methali hiyo haikuzaliwa na uchoyo hata kidogo, ilizaliwa na ukarimu uliozidi kipimo. Basi wakaning'ang'ania niwaeleze ilikotoka. Nikawajibu nitawaeleza tukitembea, kwa sababu nikikaa kitako kusimulia, jua litatukuta hapa hapa mlangoni, na hilo ndilo kosa lenyewe.

Nasibu alivaa kofia ya ukili, Tumu akajitanda kanga kichwani. Mimi nilifunga ndimu na chumvi kidogo kwenye kitambaa, nikaweka ndani ya kikapu pamoja na maji. Niliwaambia wanywe kidogo kabla ya kuondoka, wasisubiri kiu, maana kiu ni mjumbe anayefika amechelewa. Tukashika njia.

Methali hii ilianza hivi.

Bibi yangu mzaa mama, Bi Mwanamvua, alikaa katika nyumba ya kwanza ya kijiji, pale njia ya kwenda kwenye magofu yenye kaburi inapoanzia. Kaburi la Mnara lilikuwa na sifa zamani kama lilivyo nazo leo. Hakuna ajuaye jina la aliyelazwa pale, wala la fundi aliyelijenga, lakini watu husafiri kutoka mbali kuja kulitazama. Wakifika husema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeingia chumba chenye mtoto aliyelala. Mnara umesimama peke yake, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, na chini yake, kwenye ukuta wa kaburi, kuna ua. Ua hilo limechongwa kwa kina kidogo sana, kana kwamba fundi aliogopa kuliumiza jiwe.

Mbele ya ukuta kuna uwanja uliosakafiwa kwa mawe. Hapana mti. Wazee waliikata miti yote ili mizizi isipasue kuta. Na desturi ni kwamba hapana kiatu kinachokanyaga sakafu ile. Uwe nani, utoke wapi, viatu unaviacha kizingitini.

Siku moja alfajiri, basi liliwashusha watu wawili barabarani. Mmoja alikuwa mzee, Fundi Mwinyikai, mchonga milango wa Bagamoyo. Wa pili alikuwa binti yake, Mashavu, aliyemshika mkono kwa sababu macho ya baba yake yalikuwa yameanza kufunga ukungu. Basi lile lilipita mara moja tu kwa wiki, likienda kusini, na kesho yake lilirudi. Kwa hiyo walikuwa na siku moja.

Bi Mwanamvua aliwapokea mzigo, akawakalisha, akawawekea chai ya tangawizi na vitumbua. Walipokuwa wanakunywa, mzee akaeleza kilichomleta.

Baba yake naye alikuwa mchonga milango. Katika ujana wake alifika Vumbwe, akaliona ua la kaburini, na tangu hapo hakuchonga mlango bila kuliweka. Lakini katika kila ua lake, jani moja lililala upande, halikusimama kama wenzake. Mafundi wengine walimtania kwamba mkono wake una kigugumizi. Yeye akazidi kulilaza. Alipokufa, Mwinyikai akarithi patasi zake, na katika ua la kwanza alilochonga peke yake akalinyoosha lile jani. Akaendelea kulinyoosha mpaka akazeeka.

"Sasa macho yananiaga," alimwambia Bi Mwanamvua. "Kabla hayajaondoka, nataka kujua nilimsahihisha baba yangu au nilimharibia."

Bi Mwanamvua aliguswa sana. Angemchukua saa ile ile, kabla jua halijapanda, lakini habari za mgeni zilikuwa zimekwisha kuenea. Mzee Shomvi, mkubwa wa kijiji, alituma mtu kusema kwamba mgeni wa heshima namna ile hawezi kupita barazani kwake bila kukaa. Wakaenda. Hapo pakawa na kahawa na haluwa, na kuulizana koo, mpaka ikagunduliwa kwamba shangazi wa fulani aliolewa na mjomba wa fulani, na hilo nalo likahitaji kahawa nyingine. Wakiaga, wakakuta nyumba ya tatu imeshachinja kuku. Na kuku akishachinjwa, nani atamwambia mwenye kuku kwamba mgeni hana nafasi?

Mashavu alitazama nje, akamnong'oneza baba yake kwamba jua linapanda. Mzee akampapasa mkono.

"Mwanangu, mtu akikupa kwa mikono miwili, hutazami jua."

Walipotoka kwa mwenye kuku, vivuli vilikuwa vimeingia chini ya miguu ya watu. Nusu ya kijiji iliwasindikiza kwa furaha. Walipofika kizingitini, Fundi Mwinyikai alivua viatu kama kila mtu. Watu wa Vumbwe nyayo zao ni ngumu, na hata wao saa kama ile hukanyaga kwa kisigino na kupita upesi. Wote walijua. Lakini nani angemwambia mgeni asivue viatu, avunje heshima ya mahali? Na nani angemwambia jiwe letu linaunguza, kama mtu anayetia dosari nyumba yake mwenyewe? Kila mmoja alimngoja mwenzake aseme, na adabu ikawafunga midomo.

Mzee alipiga hatua ya kwanza, akasita. Akapiga ya pili. Hakuruka wala hakulalamika, maana na yeye alikuwa na adabu zake. Alitembea polepole juu ya mawe yale mpaka mbele ya ukuta, akainua uso.

Ukuta ulikuwa mweupe kama unga. Jua la utosini lilikuwa limeufuta mchongo wote.

"Ua liko wapi?" aliuliza.

"Hilo hapo, baba, mbele yako," Mashavu alimjibu, lakini yeye mwenyewe alikuwa amefinya macho na haoni kitu.

"Silioni."

Kisha akaanguka pale pale.

Hapakuwa na kivuli cha kumlaza. Wanawake wakafungua kanga zao za juu, wakazishika pembe kwa pembe juu yake, wakasimama hivyo kama nguzo za hema, miguu yao ikiungua. Mmoja alivua mtandio akampepea. Bi Mwanamvua alimnywesha maji ya ndimu na chumvi, kidogo kidogo, akawakataza waliotaka kumpa kata nzima kwa mkupuo. Alipopata nguvu kidogo wakambeba hadi nyumbani. Nyayo zake zilikuwa zimetoka malengelenge.

Jioni ile mzee alilala akiwa amepakwa utomvu wa mshubiri miguuni. Alimshukuru kila aliyeingia kumjulia hali, na hakutaja ua hata mara moja. Mashavu alitoka uani, akakaa karibu na jiko. Bi Mwanamvua alimkuta anafuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Kesho basi linapita," Mashavu alisema. "Na mwakani macho hayatakuwapo, bibi. Hatarudi tena."

"Sisi ndio tuliomwunguza, mwanangu."

"Msiseme hivyo. Mmetukirimu mno."

"Ndiyo. Tulimkirimu mpaka tukampika."

Mashavu akacheka huku analia, na Bi Mwanamvua naye akacheka, kisha akawaza. Kabla ya kulala alipita nyumba hadi nyumba, akawaomba jambo moja ambalo halijapata kuombwa Vumbwe. Kesho asubuhi asionekane mtu anawasha moto wa chai.

Kulipoanza kupambazuka, Mzee Shomvi alikuja mlangoni amekunja uso. Alisema mgeni ataondoka na njaa, na huko Bagamoyo watasema nini juu yetu?

"Watasema ameona," Bi Mwanamvua alimjibu. "Shika mguu wa kitanda."

Mzee Shomvi alimtazama kidogo, kisha akainama akashika. Kilikuwa kitanda cha kamba, na vijana walishika miguu mingine. Fundi Mwinyikai alipojiona amenyanyuliwa, akaanza kucheka.

"Jamani, wanaopelekwa kaburini kwa kitanda huwa wametulia. Na mimi nifumbe macho?"

"Ukiyafumba tunakurudisha," Mzee Shomvi alimwambia. "Safari hii tunakupeleka uyafumbue."

Walimshusha mbele ya ukuta. Sakafu ilikuwa na baridi ya usiku, na mawe yalikuwa na umande. Mashavu alimsaidia baba yake kuteremsha nyayo zake zilizoungua juu ya jiwe lile lile la jana, na mzee akavuta pumzi kama mtu aliyetiwa maji ya mtungi. Walingoja.

Jua lilichomoza kando. Mwanga ulianza kupita juu ya ukuta ukiugusa kwa ubavu tu, na kila penye shimo dogo pakajaa kivuli. Hapo ndipo ua lilipotoka, kwanza ukingo, kisha jani kwa jani, kana kwamba jiwe linachanua. Watu wa Vumbwe waliozaliwa pale walisema hawajapata kuliona vile, maana wao walizoea kuwaleta wageni baada ya kula.

Mzee alisogeza uso mpaka ukakaribia kugusa ukuta. Akainua kidole, akafuata jani la kwanza, na la pili, na jingine. Kisha kidole kikasimama.

"Mashavu. Hili limelalaje?"

"Limelala upande, baba. Wenzake wamesimama, hili limelala. Kama ua lililopigwa na upepo."

Akalipapasa tena, juu na chini, na upande lilikolalia.

"Baba hakukosea," alisema. "Aliona upepo."

Kisha akaweka kiganja chote juu ya ua, akakiacha hapo muda mrefu. Mzee Shomvi aligeuka akajifanya anatazama mnara.

Hapo katika hadithi ndipo na sisi tulipofika kizingitini. Nasibu alivua viatu, akaweka mguu kwenye sakafu, akautoa, akauweka tena. Alisema ni baridi kama chini ya mtungi. Jua lilikuwa linachungulia. Nikawaonyesha mahali pa kusimama, upande wa kushoto, wasijizibie mwanga, na nikawaambia wasiguse kwa vidole vyenye jasho, waangalie tu, maana mzee yule aligusa kwa sababu macho yake hayakumtosha. Walitulia. Mimi nimeliona ua lile mara nyingi, na bado kila likichanua moyo wangu husema asante kwa mkono ule usio na jina.

Tumu ndiye aliyeliona jani. Alinivuta tu upindo wa kanga akaonyesha kwa kidevu. Nasibu yeye alinong'ona kwamba kweli, limepigwa na upepo, na akalitazama mpaka mwanga ulipoanza kuwa mkali na ua likaanza kurudi ndani ya jiwe. Basi nikawaambia inatosha, tuondoke wakati bado tunapapenda.

Njiani tulisimama kwenye kivuli cha ukuta wa zamani, tukanywa maji. Tumu akauliza, je, methali yenyewe aliitamka nani? Nikakumbuka kwamba mwisho sijawapa.

Basi lilipofika siku ile, kijiji kizima kilikuwa barabarani. Fundi Mwinyikai aliketi dirishani, miguu imefungwa vitambaa, uso wake unang'aa. Alimwambia Bi Mwanamvua kwamba mlango atakaouanza akifika nyumbani utakuwa na jani lililolala, na Mashavu atamshikia patasi pale macho yatakapokataa. Kisha akatania kwamba leo ameondoka Vumbwe hajanywa hata chai, na hayo atawasimulia watu.

Bi Mwanamvua alimpitishia dirishani chupa ya chai aliyoificha chini ya kanga, ingali moto, na vitumbua vimefungwa kwenye jani la mgomba. Dereva alikuwa amekwisha kutia moto gari. Bi Mwanamvua akashika ukingo wa dirisha, akatembea pamoja nalo.

"Jiwe la adhuhuri halimjui mgeni, baba," alimwambia. "Sisi ndio tunaokujua, na ilitupasa tuliangalie jua kwa niaba yako. Uje tena, tafadhali. Safari hiyo chai ndiyo itakayokungoja wewe."