Meza ya Siku Isiyo na Moto

Ka, ka, ka. Kitasa cha dirisha la jikoni kilikuwa kikigonga fremu, polepole, kabla hata jogoo hajawika. Bi Fiorenza Bertolla alifumbua macho akakisikiliza. Alikuwa ameishi katika Bonde la Merrindal kwa miaka sitini na mitatu, na alijua kuwa dirisha lile haligongi ila kwa upepo wa kaskazini. Upepo ule hutoka jangwani, nao huja mkavu na wenye joto kama pumzi ya tanuri.

Aliamka, akafunga kitasa kwa kamba, akawasha redio. Mtangazaji alisema joto lingefika digrii arobaini na moja. Kisha akataja wilaya zilizowekewa marufuku ya moto. Jana jioni wilaya yao haikuwamo. Asubuhi hii ilitajwa ya pili. Hakuna mtu aliyeruhusiwa kuwasha moto nje ya nyumba hadi usiku wa manane.

Bi Fiorenza aliketi akashika tama. Siku ile ilikuwa Jumamosi ya Tamasha la Chakula na Mvinyo, na saa sita mchana watu arobaini walitarajiwa kuketi kwenye meza yake ndefu chini ya mizabibu. Walikuwa wameweka nafasi zao tangu Januari. Na walichokuwa wanakifuata ni moto: ugali wa manjano uliosongwa kwenye sufuria kubwa ya shaba juu ya kuni za mizabibu, na soseji zilizochomwa kwenye makaa yake. Hivyo ndivyo wazazi wa marehemu mumewe, Livio, walivyopika kwao milimani huko Italia, na hivyo ndivyo ilivyoandikwa katika kitabu cha tamasha.

Mvinyo wa Bertolla hauuzwi madukani. Watu huuonja mezani siku ile moja, wakaupenda, wakauagiza kwa mwaka mzima. Lakini kamati ya tamasha ilikuwa na kanuni mpya. Wasipobaki mezani angalau wageni thelathini hadi chakula kiishe, karamu ihesabiwe haikufanyika, na nafasi yake ya Jumamosi apewe mwingine. Juu ya kilima, kampuni mpya yenye ukumbi wa vioo na majiko ya ndani ilikuwa ikiisubiri nafasi hiyo kama paka anayesubiri samaki adondoke. Bila meza ile, shamba lingekwisha.

Mkwewe, Narelle, aliingia mbio, simu mkononi, nywele hazijachanwa.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu."

"Dario ameshaitwa kituoni. Hata chai hakunywa." Dario alikuwa mwanawe Bi Fiorenza, mume wa Narelle, na mzimamoto wa kujitolea kama nusu ya wanaume wa bonde lile. "Nimempigia Bwana Loxton wa kamati. Anasema atakuja saa tano aone tuna nini. Tukiwa hatuna kitu cha maana, wageni wote wanahamishiwa kilimani."

"Jiko la ndani?"

"Mama, jiko lenyewe lina vichomeo vinne, na kimoja kimekufa tangu Krismasi! Tutawalisha watu arobaini kwa vijiko vya dawa?"

Bi Fiorenza alitoka hadi nyuma ya banda, mahali pa kupikia. Kuni zilikuwa zimepangwa tayari. Narelle alikuwa amezipanga jana kwa mikono yake, kijiti kwa kijiti, bila kuombwa. Kibiriti kilikuwa juu ya jiwe. Pale nyuma ya banda hapakuonekana kutoka barabarani. Moto mdogo tu, wa saa moja, nani angejua? Alikichukua kibiriti. Akatazama nyasi zilizokauka hadi uani, zikilala na kuinuka kwa upepo. Akamwona mawazoni Dario akikimbilia moto uliowashwa na mama yake mwenyewe.

Akakitia kibiriti mfukoni, akarudi ndani.

Saa mbili asubuhi gari kuukuu lilisimama langoni. Narelle aliyekuwa akibeba viti alilitazama kwa uchovu. Walishuka watu watatu: kijana mpana wa mabega, mwanamke mwenye mikono iliyojaa utomvu wa zabibu, na bibi kizee mnene, mwenye nywele nyeupe zilizofungwa vizuri, amevaa mkeka mzuri uliosukwa, umezungushwa kiunoni kama wavaavyo Watonga wanapokwenda mahali pa heshima.

"Habari za asubuhi, dada," alisema yule mwanamke. "Mimi Seini. Huyu mume wangu, Fatai. Tunachuma zabibu hapo kwa jirani, tumetoka zamu ya alfajiri. Na huyu mama yangu, Mama Lupe. Alikuja kutuona, Jumatatu anarudi kwetu Tonga, visiwani. Tulitaka ale kwenye meza yenu."

"Mmeweka nafasi?" Narelle aliuliza.

"Tulijaribu kwenye simu, ikakataa. Tukasema, huenda kuna mtu ameahirisha."

Narelle alicheka kicheko kisicho na furaha. "Dada yangu, leo labda wataahirisha wote. Nafasi zilijaa tangu Januari, na chakula chenyewe hakipo. Samahani sana, leo si siku ya wageni."

Seini aliinamisha kichwa. "Si neno. Mama, twende."

Lakini Bi Fiorenza alikuwa amefika mlangoni. Aliona jasho kwenye paji la uso la yule kizee, na jinsi Fatai alivyosimama upande wa jua ili kivuli chake kimwangukie mama mkwe wake. Mtu anayefanya hivyo bila kujua kuwa anatazamwa, alijisemea, hafukuzwi langoni.

"Narelle, leta maji. Karibu mama, ingia barazani. Njia ni ndefu na jua limeshakuwa kali."

"Mama!" Narelle alimnong'oneza. "Bado saa tatu tu Loxton afike, na wewe unapokea watu wa kunywa kahawa?"

"Hata nikilia, mwanangu, saa zitakuwa hizo hizo tatu. Na kama meza itakuwepo, mama huyu atakaa kwenye kiti changu. Mimi nitasimama."

Akawapa maji, kahawa na mkate wenye jibini. Mama Lupe alifumba macho akauombea mkate kwanza, ndipo akala. Alipomaliza alitazama ile sufuria ya shaba iliyokuwa baridi ukutani.

"Sufuria kubwa hivi, mbona imelala?" aliuliza, na Seini akawa anatafsiri.

Bi Fiorenza akamweleza yote, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kufa moyo. Mama Lupe alisikiliza mpaka mwisho, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Anasema nini?" Narelle aliuliza, uso umemwiva.

"Usikasirike, dada," Seini alisema. "Anasema nyinyi watu wa nchi kavu mnafikiri chakula ni moto. Kwetu kimbunga kikilowesha kuni zote, watu hawafi njaa. Tunakula samaki. Limau linampika, tui la nazi linamlainisha. Hata cheche moja haihitajiki."

Bi Fiorenza aligeuza macho kwenye milimau yake mitatu uani, iliyoinama kwa uzito wa matunda.

"Samaki wa watu arobaini tutamtoa wapi? Bahari iko safari ya saa tano."

"Kwa muuza samaki pale sokoni tamashani," Fatai alidakia. "Nimempita sasa hivi. Jiko lake la nje nalo limefungwa. Amekaa juu ya masanduku ya barafu kama kuku anayeatamia, kolekole wamejaa, hajui awapeleke wapi."

"Na nazi?"

"Makopo ya tui? Mama," Seini alimwambia Bi Fiorenza, "kambini tuko Watonga kumi na wanane. Tunaweza kukosa sabuni, tui hatukosi."

Ikawa kazi. Fatai alikwenda sokoni, akarudi na masanduku manne. Seini aliwapigia simu wenzake, wakaja wanawake wanne ambao walistahili kuwa wamelala, wakaja na visu vyao. Mama Lupe aliketi mezani kama nahodha, akawaonyesha ukubwa wa vipande kwa ncha ya kidole gumba. Bi Fiorenza alikamua malimau mpaka mikono ikamwasha. Narelle alikata nyanya, matango na pilipili za bustanini, na kwenye vichomeo vitatu vilivyo hai vya jiko la ndani akasonga ugali wa manjano kidogo kidogo, akautandaza kwenye sinia upoe, akaukata vipande. Hakuna aliyekaa. Hakuna aliyeangalia saa, kwa kuwa kila mmoja aliiogopa.

Saa tano kamili Bwana Garth Loxton alifika, shati limemganda mgongoni, daftari kwapani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kanuni.

"Bi Fiorenza, kitabu kinasema moto wa mizabibu. Hiki ni nini?"

"Ni samaki, Bwana Loxton."

"Mbichi?"

"Limau limempika."

Bwana Loxton alijifuta uso. "Sikiliza. Siwezi kuwalazimisha waliolipia nyama wale samaki. Nitawaambia ukweli. Anayetaka kwenda kilimani, aende, basi linamngoja. Wakibaki thelathini, karamu ni yako. Wakipungua hata mmoja, unajua."

"Najua," alisema Bi Fiorenza. Akammiminia maji baridi, maana alimwona midomo imemkauka.

Saa sita wageni waliketi chini ya mizabibu. Bwana Loxton alisimama akawatangazia. Minong'ono ikapita mezani kama nyuki. Mume na mke waliinuka. Wakafuata marafiki wanne, kisha vijana wawili. Wanane. Walibaki thelathini na wawili, na Narelle aliyesimama mlangoni alikuwa akihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo.

Kisha mzee mmoja mwenye kofia pana ya ngozi alisukuma kiti chake.

"Nimeendesha gari saa nne kuja kula moto," alisema kwa sauti, "sasa nakuta barafu! Samaki mbichi nitakula nikigeuka ndege mwari. Twendeni." Mkewe na binti yake wakaanza kukusanya mikoba.

Watatu. Thelathini na wawili kutoa watatu. Bi Fiorenza akashika nguzo.

Wakati huo Mama Lupe, aliyeketishwa kwenye kiti cha mwenyeji mwisho wa meza, hakuwa ameelewa neno hata moja. Aliona tu kuwa bakuli zimeletwa na watu wanakaribia kula, na kwao mtu hagusi chakula kabla hakijaombewa. Akainuka na mkeka wake kiunoni, akakunja mikono, akafumba macho, akaanza kuomba kwa Kitonga.

Hakuomba kwa haraka. Aliomba kama mtu anayemwambia jirani habari za nyumbani. Seini na wenzake wakainamisha vichwa palepale walipokuwa, wengine na visu mikononi. Minong'ono ikazimika. Yule mzee alikuwa ameshapiga hatua moja. Akabaki hapo, mguu mmoja mbele, kwa maana hata mtu mwenye hasira haondoki mbele ya bibi anayesali. Akavua kofia. Mama Lupe akaendelea. Upepo ukapita juu ya bakuli, ukaleta puani harufu ya limau, pilipili na tui. Tumbo la mtu fulani likanguruma, na binti wa yule mzee akaziba mdomo asicheke.

"Emeni," alisema Mama Lupe hatimaye. Alipofumbua macho alimwona yule mzee amesimama mbele yake, kofia kifuani. Alidhani amesimama kwa heshima ya sala. Akatabasamu kwa uso wote, akachota samaki kwa kijiko kikubwa, akamjazia sahani, akampa kwa mikono miwili.

Mzee alimtazama mkewe. Mkewe akatazama pembeni. Akaonja kidogo sana, kama anayeonja dawa. Akatafuna. Bwana Loxton alikuwa ameinua kalamu.

"Huyu samaki," mzee alisema polepole, "kuna mvinyo gani wa kumsindikiza?"

"Upo mweupe," Narelle alidakia. "Upo, mzee, baridi kabisa. Kaa."

Akakaa. Mkewe akaweka mkoba chini. Na mtu asiyewahi kupika kwa hofu hawezi kujua jinsi sauti ya vijiko inavyoweza kuwa tamu. Walikula samaki na vipande vya ugali wa manjano, wakaomba tena, wakamaliza chupa na kuagiza katoni. Saa nane Bwana Loxton alihesabu vichwa mara mbili: thelathini na wawili. Akaandika, akafunga daftari. "Karamu imefanyika," alisema, kisha akauliza kwa aibu kama bakuli lolote limebaki na kitu.

Bi Fiorenza alikwenda jikoni, akafunika uso kwa aproni, akalia kidogo, akidhani hakuna anayemwona. Seini alimwona, lakini akageuka kuosha vyombo, akamwachia machozi yake.

Jioni, gari kuukuu lilipokuwa likiondoka, Narelle alilikimbilia vumbini, viatu mkononi, akagonga kioo mpaka Fatai akasimama. Alimshika Mama Lupe mikono kupitia dirishani, yeye aliyewaambia asubuhi kuwa leo si siku ya wageni. Wahenga hawakukosea waliposema mgeni njoo, mwenyeji apone, na mwenyeji aliyepona ndiye aliyekuwa pale njiani akiuliza, "Mama, mtakuja lini tena?"