Pimbi, Kiboko na Jina la Asali

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nani?
Mwizi!
Kaiba nini?
Kisicholika!
Basi sogeeni, mnisikie.

Hapo kale, si kale sana maana simu zilikuwapo, Pimbi aliishi juu ya mwamba. Mkia hana, pembe hana, ila alikuwa na jina la mtandaoni: asalimwamba nukta pori. Mnyama akiliandika kwenye simu, ting! duka la Pimbi hilo, asali hiyo. Miaka saba Pimbi alilikuza jina lile, na wanawe wakala humo.

Kiboko wa mtoni akalitamani. Akamwandikia Pimbi ujumbe, akajifanya Mzee Kobe, mtunza daftari la majina: "Majina yanahakikiwa. Tuma neno lako la siri sasa hivi, ama jina lako lifutwe."

Pimbi akaandika mbio mbio, akatuma. Kufumba na kufumbua, jina likahamia kwa Kiboko. Na Kiboko alikuwa na asali? Wapi! Aliwauzia wateja matope ya mto na sukari guru.

"Pimbi mlaghai!" wanyama wakapiga kelele. "Unatulisha matope!"

Pimbi aliona aibu hata kushuka mwambani. Mwishowe akaenda kwa Kobe, ofisini kando ya mto.

"Shikamoo, Mzee Kobe. Nimeibiwa jina."

"Marahaba." Kobe akafunua daftari, fe, fe, fe. "Daftari linasema la Kiboko. Lete ushahidi."

Akaleta nyuki elfu mbili. Vuuu!

Fe, fe, fe. "Daftari linasema la Kiboko. Nyuki hawana mhuri."

Pimbi akamwendea Kiboko mwenyewe. "Bwana mkubwa, jina lile ni la nani?"

"Langu! Wewe kisicho mkia, jina la nini?"

"Afadhali liwe lako," Pimbi akasema, akishusha pumzi. "Mke wa Ndovu kala asali ya jina hilo, tumbo limemvimba. Ndovu anamtafuta mwenye jina. Tena anakuja huku."

Ilikuwa adhuhuri, saa ya Ndovu kunywa maji. Tindi! Tindi! Tindi!

Kiboko akatoka mtoni, maji chururu, mpaka ofisini. "Kobe! Nifute! Jina si langu!"

Fe, fe, fe. "Daftari linasema la Kiboko."

"Daftari linasema uongo! La Pimbi hilo! Niliandika kwa jina lako, nikamwibia!"

"Eti kwa jina langu?" Kobe akavua miwani. "Tia sahihi."

Kiboko akakanyaga ukurasa, pwaa! Papo hapo Pimbi, aliyemfuata nyuma, akabadili neno la siri, akamwambia Kobe, "Na kufuli utie, mzee. Jina lisihame mpaka nije mwenyewe kwa miguu yangu."

Ndovu akafika. Akanywa, fyooo, akafuta mkonga.

"Bwana Ndovu," Kiboko akanong'ona nyuma ya mlango, "mama watoto hajambo?"

"Hajambo, anakula miwa. Kwani vipi?"

Hadithi yangu imekatikia hapo. Utamu chukueni, uchungu mwachieni Kiboko. Na funzo lake, wanangu: hila ni mbaya. Ukiibiwa jina, kaa kwako utulie, ofisi inakuja mbio. Na neno lako la siri usimpe mtu yeyote.

Nipe mimi, nikutunzie.